Feni ya Upande wa Huku

Jumapili ya kwanza baada ya Shimo la Tewa
nilivaa gauni la kijani, lile la zamani;
likanining'inia mabegani kama la kuazima.
Nilizunguka nyuma ya yadi za makontena
nisikatize soko la Magongo, ambako wanijua
kwa jina nililojichumia kwa mkono wangu:
Mkawasi mweka hazina.
Mkawasi mla mabati.

Maana zilikuwa za mabati, zile pesa.
Laki moja, themanini na nne elfu,
za paa la upande wanakosomea watoto.
Akina mama walizichanga kwa viazi karai,
kwa kufua mashuka ya watu kule Tudor,
na mimi nikazila.
Sisemi zilipotea. Sisemi shetani alinipitia.
Shetani hakutia sahihi kule benki.
Mwandiko ni wangu, hata ile herufi ya M
yenye mkia ninaoringia tangu darasa la nne.

Mkobani nilikuwa na daftari.
Nimelipiga mistari kwa ukingo wa kipande cha sabuni:
kushoto deni, kulia malipo.
Mia mbili kila juma, za kuosha sufuria hotelini.
Nilishapiga hesabu gerezani, usiku, kwa vidole:
miaka kumi na saba na miezi minane.
Siku ya kuwa safi ningekuwa na miaka hamsini na tisa.

Nikakaa nyuma, karibu na mlango,
chini ya bati kuukuu ambalo halikubadilishwa.
Jua likapenya matundu ya misumari
likanimwagia sarafu mapajani.
Nikazihesabu. Mazoea.
Kumi na moja, na wingu likipita, hakuna hata moja.

Katikati ya matangazo akasimama Mama Dzame,
yeye aliyetoa elfu nne zilizobaki za matanga ya mumewe.
Ndara zake zikapiga sakafu, pa, pa,
watu wakageuka, mwinjilisti akapoteza mstari.
Nikaiandaa shingo.
Kofi nililijua; nililingoja miezi ishirini na minane.

"Mbona wakaa kwenye joto?" akasema.
"Feni ya upande wa huku yafanya kazi."

Nikatoa daftari. Nikalisukuma kifuani pake
kama mtu anayetoa kitambulisho kwa askari.
Alilamba kidole, akafunua, akasoma safu zote mbili.
"Hesabu zako nzuri," akasema. "Hazijawahi kuwa mbaya."
Kisha, Mungu wangu, akalikunja
akaanza kujipepea nalo,
akajipepea, akanipepea na mimi,
mahubiri yote, kwa deni langu.

Sitadanganya kwamba wote walisogea.
Mzee Mwadime alinipita kama nguzo,
na ana haki; bintiye alilowa mvua ile ya Aprili.
Lakini meza iliandaliwa, na foleni ikasonga,
na mimi ndani ya foleni, sijui miguu ya nani ilinibeba,
mpaka mkono ukanifikia na kipande cha mkate
na sauti, bila kuuliza jina nililojichumia:
twaa, ule.

Mimi!
Mimi niliyekula nisichopewa
nilishindwa kumeza nilichopewa.
Kilikaa kooni kama mfupa wa changu.
"Meza, mwanangu," Mama Dzame akaninong'oneza,
"wenzio wangoja."

Nikameza.

Bado nalipa. Mia mbili, kila Jumamosi.
Ila sasa napeleka kama mtu apelekaye sukari kwao,
abishaye hodi huku ameshaingia.
Na lile daftari lilirudi na jasho la viganja vyake;
wino wa safu ya kushoto ulitambaa,
ukurasa wa kwanza hausomeki.
Ningeweza kuunakili upya.
Kalamu ninayo.